Wiki Sita za Kastadi

Mke wangu alivunjika taya mahali pawili siku ya Jumanne asubuhi, akivuka barabara hapa Kiganjo, Thika, kwenda kununua nyanya. Bodaboda ilimpiga kiunoni, akaanguka kifudifudi kwenye ukingo wa mtaro. Kijana aliyekuwa akiiendesha hakukimbia. Alimbeba hadi hospitali, akaketi kwenye benchi la nje mpaka nilipofika kutoka kazini nikiwa bado na aproni ya kiwanda. Aliponiona alisimama, akavua kofia, akasema, "Mzee, ni mimi." Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza njia nzima. Lakini alikuwa amengoja pale muda wote huo. Nilimshika tu mkono nikamwambia asante kwa kumleta.

Daktari alimfunga mke wangu meno ya juu na ya chini kwa waya. "Wiki sita," akaniambia. "Chochote atakachokula lazima kipite katikati ya meno. Kikiwa na donge hata dogo, hakipiti." Walitupa bomba kubwa la plastiki, kama la sindano lakini halina sindano, la kumnyweshea chakula. Wakatupa pia mkasi wa kukatia zile waya, iwapo angetapika. Ule mkasi niliutundika kwenye msumari karibu na kitanda, na mpaka leo namshukuru Mungu kwamba hatukuwahi kuutumia.

Mimi ni mtu wa Vihiga. Nilikuja Thika nikiwa kijana kutafuta kazi, nikapata katika kiwanda cha nguo, upande wa kutia rangi, na hapo ndipo nilipo hadi sasa. Mke wangu ni Mkikuyu, mzaliwa wa Ruiru. Anauza nguo za mitumba sokoni. Tuna binti mmoja, na wakati huo alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili tu, mtu asiyeweza kufungua mdomo na mtu asiyejua kupika kitu zaidi ya ugali, mayai na sukuma wiki.

Siku za kwanza tuliishi kwa uji. Jirani yetu wa mlango wa tatu, mama mjane anayeuza mboga pale kwa geti, alileta uji wa wimbi kila asubuhi kabla sijaenda kazini. Wengine walileta supu. Mimi nilichuja, nikapooza, nikajaza bomba. Lakini siku ya kumi mke wangu aliusukuma mkono wangu. Akachukua daftari aliloliweka kitandani kwa ajili ya kuongea nasi, akaandika: "Uji tena? Nimekuwa mtoto?"

"Sasa unataka nini?" nikamuuliza.

Akaandika neno moja. "Embe." Kisha akafikiri kidogo, akaongeza: "Na kitu kitamu juu yake."

Sketi zake zilikuwa zimeanza kumvuka. Mwanamke ambaye sauti yake ilisikika sokoni kutoka mstari wa viatu hadi mstari wa mapazia alikuwa ameketi pale akinitazama, mashavu yameingia ndani. Jioni hiyo nilimpigia simu ndugu yake, nikamwambia mama yao aje.

Haikuwa simu rahisi kwangu. Nimelelewa katika nyumba ambayo mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama mkwe haingii katika jiko la mume wa binti yake. Kwao Wakikuyu siku hizi wengi hawayajali sana mambo hayo, lakini mama mkwe wangu ni wa zamani na ana misimamo yake. Katika miaka kumi na sita ya ndoa yetu alikuwa amekuja kwetu mara moja tu, mtoto alipozaliwa, akakaa mlangoni kama mtu anayengoja risiti. Nilijua pia kwamba zamani, nilipopeleka wazee wangu kwao kuposa, aliuliza kama hakukuwa na wanaume karibu na Ruiru. Sikuwahi kumchukia kwa hilo. Lakini sikujua nimwambie nini zaidi ya habari yako mama.

Alikuja kutoka Mwiki, anakoishi sasa, kesho yake na mfuko mmoja wa nguo. Hakukubali kulala kwetu. Mama mjane wa mlango wa tatu alimpa kitanda chake mwenyewe, naye akalala kwenye godoro chini, wiki hizo zote, na hakuwahi kulitaja. Nikiwa kazini, mama mkwe alikaa na binti yake chumbani. Alimwogesha, akamfulia, akamchana nywele. Nikirudi saa nane mchana, alitoka akaketi barazani kwenye stuli, chini ya dirisha la jikoni, mgongo ukiwa ukutani. Mimi ndani, yeye nje.

Kupika hakuweza, hata katika jiko la jirani. Vidole vyake vimepinda kwa ugonjwa wa viungo na akishika mwiko dakika mbili unamwanguka. Kwa hiyo kazi ya sufuria ilibaki yangu.

Siku hiyo ya kwanza nilipitia supamaketi nikanunua kopo la unga wa kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa wa kumwagia matunda. Nilichemsha maziwa, nikamwaga unga ndani, nikakoroga. Ulishikana madonge madonge kama ugali ulioharibika. Nilikuwa nikiyaponda kwa uma nilipoisikia sauti yake nje ya dirisha.

"Muthoni." Ndivyo alivyoniita, neno lao la mkwe. "Hiyo unapika ni nini?"

"Kastadi, mama."

"Ya kopo?"

"Ndio, mama."

"Mwaga," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. "Nimwage?"

"Hiyo haitapita kwa meno. Na hata ikipita, hiyo ni unga na rangi. Mtoto yangu anataka nguvu. Uko na mayai?"

Nilikuwa nayo. Nikamwambia hivyo, nikiuongelesha ukuta.

Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo sikuwahi kuambiwa. Mama mkwe wangu, kabla ya kuolewa na hata baada yake, alikuwa mpishi katika nyumba ya meneja wa shamba moja la kahawa huko Ruiru. Alipika pale miaka kumi na moja. Kila Jumapili, baada ya nyama, alipeleka mezani bakuli la matunda na jagi la kastadi ya mayai. Alifundishwa na mpishi mzee aliyemtangulia, ambaye alimpiga vidoleni kwa kijiko kila alipoacha kukoroga. Mke wangu alijua mama yake alifanya kazi shambani, lakini siku zote alidhani ni kuchuma kahawa.

"Weka maziwa kwa moto," akasema. "Ndogo. Tia ganda ya ndimu ndani, ile ya juu, si ile nyeupe. Nyeupe ni chungu."

Nikafanya hivyo. Kisha akaniambia nivunje mayai manne na kutenga viini, nikavipitisha kutoka ganda hadi ganda mpaka ute ukabaki chini. Kimoja kilipasuka. "Endelea," akasema, ingawa hakuwa ananiona. Sijui alisikia nini. Nikavipiga viini na sukari mpaka vikawa rangi ya siagi.

"Sasa usimwage mayai kwa maziwa. Mwaga maziwa kwa mayai. Pore pore. Kama uzi. Na mkono ingine isiache kukoroga."

Hilo "pore pore" lake, yaani pole pole, nililisikia mara nyingi sana wiki hizo, mpaka nikaanza kulisema kiwandani.

Ya kwanza iliharibika. Nilirudisha mchanganyiko motoni, nikaona haunenepi, nikaongeza moto. Kufumba na kufumbua ukageuka mayai ya kukaanga ndani ya maziwa. Nilimwambia ukweli. Nilitegemea ashtuke au anicheke, lakini akasema tu, "Yangu ya kwanza ilipewa mbwa. Leta sufuria mbili."

Akanieleza niweke maji kwenye sufuria kubwa, yawe moto bila kutokota, kisha niketishe sufuria ndogo ndani yake, moto usiguse mayai. Nikasimama pale nikikoroga. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyowahi kusimama mbele ya meko. Yeye nje alikuwa akiongea pole pole, si na mimi hasa, akieleza jinsi jiko la kuni la yule meneja lilivyokuwa na upande mmoja mkali na mmoja mpole, na jinsi alivyoujua ule mpole kwa kuweka kiganja juu yake. Kisha akasema, "Toa kijiko. Angalia mgongo yake."

Nikakitazama kijiko. Kilikuwa kimefunikwa na kitu kama rangi nyepesi.

"Pitisha kidole katikati. Njia imebaki ama imejifunga?"

Sikuwa na uhakika. Nikakipitisha kijiko dirishani, katikati ya vioo. Alikipokea. Kijiko kikarudi kupitia pale pale, kikiwa kimelambwa.

"Toa kwa moto," akasema.

Niliichuja kwa kichungi cha chai, nikailegeza kwa maziwa kidogo ipite kwenye bomba. Embe nililolinunua nililiponda, nikalichuja mara mbili ili nyuzi zisibaki. Nikaweka embe kikombeni, kastadi juu yake, nikapeleka chumbani.

Mke wangu alivuta bomba la kwanza, akafumba macho. Nikadhani ameumia. Akalichukua daftari. "Nani amepika?"

"Mimi."

"Muongo."

"Uliza mama yako."

Aliandika tena, haraka, kalamu ikichana karatasi: "MAMA AMEKUFUNDISHA WEWE?" Kisha akaanza kulia, na kulia kwa mtu aliyefungwa meno ni kitu kibaya kukitazama, kwa hiyo nikampangusa pua na kumwambia amalize kikombe. Alikimaliza. Akanionyesha kwa kidole nijaze tena.

Tangu siku hiyo ilikuwa kazi yetu ya kila mchana. Nilirudi kutoka kazini, nikanawa mikono mpaka rangi ya nguo itoke kwenye kucha, na mama mkwe akachukua nafasi yake chini ya dirisha. Tulijaribu papai. Tulijaribu ndizi iliyoiva mpaka ganda lina madoa meusi, na hiyo ndiyo mke wangu aliipenda kupita zote. Pasheni nilizichuja mbegu moja moja. Siku moja nikaleta nanasi, kwa sababu huwezi kuishi Thika usifikirie nanasi. Nililiponda nikiwa na furaha, nikataka kulimwagia kastadi.

"Nanasi bichi?" sauti ikauliza nje. "Haiya! Hilo litaila maziwa. Itakuwa maji, na itakuwa chungu. Chemsha nanasi kwanza, ipoe, ndio uunganishe."

Kwa ubishi nilijaribu kijiko kimoja kivyangu, bila kumwambia. Baada ya dakika chache ilikuwa imegeuka majimaji na uchungu wa ajabu ukanikaa kwenye ulimi. Nikachemsha nanasi.

Katika wiki ya tatu, mke wangu alipopimwa kliniki, kilo zilikuwa zimeacha kushuka. Ya nne zikaanza kupanda. Muuguzi aliuliza tunampa nini, na mke wangu akaandika orodha nzima ya matunda kama mtu anayejisifu.

Jumamosi ya wiki hiyo, akina mama wa kanisa walituma ujumbe kwamba watakuja kumwombea. Mke wangu aliandika kwamba hawezi kuendelea kupokea tu. Kila mtu alikuwa amemletea kitu, na yeye hakuwa amempa mtu hata chai. Alitaka wageni wake wapewe matunda na kastadi. Nilihesabu, nikaona ni watu kumi na wawili. Mama mkwe kutoka dirishani alisema tutatumia mayai kumi na sita, nami nikaazima sufuria kubwa kwa mama mjane.

Asubuhi yote jirani huyo alinisaidia kukata mapapai, ndizi na maembe, akayapanga kwenye beseni safi na kuyakamulia ndimu. Kisha akaenda kuvaa. Kastadi ilikuwa ikienda vizuri. Nilikuwa nimejifunza hata kusikia inapokaribia, kwa sababu kijiko kinaacha kugonga sufuria kwa sauti ile nyembamba. Nilipoona imefunika mgongo wa kijiko, nikainua sufuria ya ndani kuitoa. Sufuria ilikuwa nzito. Mvuke wa maji uliokuwa chini ulipanda ukanichoma kifundo cha mkono, nikapiga kelele, nikairudisha vibaya, ikakaa upande, maji yakamwagikia moto, na kijiko kikaruka sakafuni. Nikaruka nyuma nikiushika mkono wangu. Maji yalikuwa yakitokota sasa. Nilijua nina sekunde chache kabla mayai kumi na sita hayajaganda, na sikuweza kuufungua mkono.

Mama mkwe alikuwa ameshaingia. Sikumwona akipita mlangoni. Alizima gesi kwa kiwiko, akakunja leso aliyojifunga kiunoni, akaikamata sufuria kwa viganja vyote viwili, si kwa vidole, na akaiketisha ndani ya karai la maji baridi nililokuwa nimesafishia matunda.

"Shika karai!" akaniambia.

Nikashika kwa mkono mzima. Akachukua mwiko wa ugali, akaubana kati ya kiganja na kifundo, akakoroga. Tulikuwa bega kwa bega, kwa sababu jiko letu halina nafasi ya watu wawili kusimama vinginevyo. Nilisikia pumzi yake. Alikuwa akisema kitu kwa Kikuyu, kama anabembeleza mtoto. Polepole kastadi ilitulia. Ilikuwa na punje kidogo pembeni, lakini katikati ilikuwa laini.

Kisha sote wawili tukakumbuka tulipo.

Alitazama kuta za jiko langu, rafu ya vikombe, kalenda ya kanisa, buti zangu nyuma ya mlango. Nikafikiri atatoka mbio. Mimi mwenyewe nilitaka kutoka mbio.

"Haiya," akasema kwa sauti ndogo. Halafu: "Leta kichungi. Na uweke mkono yako kwa maji."

Tukaichuja pamoja, yeye akishikilia kichungi, mimi nikimimina kwa mkono wa kushoto. Tulipomaliza nilimwuliza, kwa heshima zote nilizonazo, kama tutahitaji kuwaambia wazee juu ya jambo hili, kama kuna kitu natakiwa kutoa. Akafikiri.

"Hiyo maneno nitamwambia Mungu mwenyewe," akasema. "Yeye anajua mayai ilikuwa ngapi."

Wageni walikuja, wakaomba, wakaimba, mke wangu akiimba nao kwa pua. Nikagawa matunda. Akina mama wale walikula kimya kwa muda ambao sijawahi kuwaona wakinyamaza. Mmoja akauliza nimeitoa hoteli gani. Nilijaza bakuli moja zaidi, papai na ndizi, kastadi hadi ukingoni, nikampelekea mama mkwe. Alikuwa amekaa sebuleni na wenzake, mara ya kwanza kuketi kwenye kochi letu. Hakulipokea mara moja.

"Mimi huwa naramba kijiko," akasema.

Sikumwelewa mpaka aliponieleza. Miaka kumi na moja alipika kastadi kila Jumapili, lakini bakuli lake mwenyewe, la kuketi nalo, hakuwahi kuwa nalo. Iliyobaki mezani ilihesabiwa. Alichopata ni kijiko cha kuonjea. Aliliweka bakuli mapajani, akala taratibu akitazama mbele, na alipomaliza alilishikilia kwa muda kabla ya kuliweka chini. Mama mjane alimwuliza kama ni tamu. Akajibu, "Ni ile ile," na uso wake ulikuwa umelainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Waya zilitolewa wiki mbili baadaye. Taya lilikuwa limekakamaa na mdomo uliweza kufunguka upana wa kidole tu. Tulikuwa bado koridoni hospitalini, nikimsubiri aseme neno lake la kwanza, na mama yake ameketi upande wa pili akimsubiri vilevile. Mke wangu alinitazama, akajaribu midomo, na akasema kwa shida, "Ulikuwa unaweka sukari nyingi."

Mama yake alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Mimi nilicheka, kisha nikaenda kusimama dirishani kidogo kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka mbele ya watu.

Mama mkwe alirudi Mwiki Jumapili iliyofuata. Nilikuwa nimepanga kumshukuru vizuri. Nilikuwa na maneno tayari, hata niliyafanyia mazoezi nikiwa kwenye mashine. Lakini kulikuwa na mizigo, watu wa kuaga, jirani akilia kama anayempoteza dada, na gari la shemeji likipiga honi. Akaondoka na blanketi tulilompa, na mimi sikuwa nimesema chochote cha maana.

Kwa hiyo Jumatano nilimpigia simu. Nilimwambia, "Mama, nilitaka kusema asante. Kwa mtoto wako, na kwa kunifundisha mimi, na kwa kuja."

"Sawa, muthoni," akajibu. "Nalisha kuku. Salimia watu."

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, nikijicheka. Dakika tano hazikupita ikaita tena. Ni yeye.

"Nimesahau kukuuliza," akasema. "Wewe, umekula?"

Nikamwambia bado. Akaniambia nile kwanza, halafu tutaongea. Nikapasha wali, nikala, nikampigia, na tukaongea hadi chai aliyonimiminia mke wangu ikapoa mezani. Tangu hapo hunipigia kila Jumatano, na huwa hatuna jambo lolote kubwa la kusemezana.